Jina Lililofurika

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta katika ramani tatu, na katika zote mahali pake pamekaliwa na nchi nyingine zenye adabu zao. Kwa hiyo msomaji akimkuta humu mtu anayemfahamu, waziri aliyemwona jana kwenye runinga au mkurugenzi aliyemweka kwenye benchi tangu asubuhi, ajue macho yake ndiyo yaliyomleta. Mimi sikumwalika.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo ilikuwapo Sheria ya Jina Zima. Ilisema kwamba mtu mwenye cheo asitajwe, asiandikwe wala asiitwe bila vyeo vyake vyote, kwa mpangilio, pasipo kuruka hata kimoja. Chanzo chake ni msomaji wa habari wa redio ya taifa, ambaye siku moja alibanwa na kikohozi, akamwita mtawala wa nchi "Bwana Mavumba", kisha akanyamaza anywe maji. Maji hayo hakuyamaliza. Mpaka leo anafuga bata wa serikali katika kisiwa ambacho bata bado hawajapelekwa.

Jina zima la mtawala lilikuwa Mtukufu Jenerali Profesa Daktari Mhandisi Ngwali Mavumba, Baba wa Waliozaliwa na Watakaozaliwa, Mlezi wa Mito, Mshindi wa Vita Visivyopiganwa, Mkulima Bora Asiyeshika Jembe, Jua la Mchana na Akiba ya Jua la Kesho... Hapa nalikata, maana niko nje ya mipaka na karatasi ni yangu. Wenyewe hawakuthubutu. Taarifa ya habari ilianza kwa jina hilo, na habari zenyewe zilifika dakika ya kumi na moja, ugali ukiwa umeshaiva na sufuria imeshaoshwa. Kila mwaka, Siku ya Jina, Bunge lilikaa na kumwongezea sifa moja. Mwaka fulani mbunge mmoja aliuliza kama safari hii wangeweza kupumzika. Yeye na msomaji wa habari sasa wanagawana kisiwa.

*

Basi nchi hiyo ikanunua Dirisha la Mbali.

Hii ni programu ya kompyuta. Mtu anakaa makao makuu, anaandika jina lake na neno la siri, na kioo chake kinageuka kuwa kioo cha kompyuta nyingine iliyoko mbali sana, akaiamrisha kama aliyeketi mbele yake. Katikati ipo kompyuta kubwa iitwayo seva. Hiyo ndiyo bawabu: inapokea jina, inaangalia cheo, kisha inafungua au inafunga. Viongozi waliipenda mno. Miaka yote walikuwa wakilaumiwa kwamba hawafiki kwa wananchi. Sasa wangeweza kutofika kwa njia ya kisasa.

Wakaunganisha kila kitu: hospitali, bandari, taa za barabarani, na Bwawa la Mtukufu. Bwawa hilo lilikuwa juu ya mji wa Bondeni. Masika yakiingia, milango yake sharti ifunguliwe kidogo kidogo kila siku, ili maji yapite mkondo wa pembeni yaende zake kinamasini. Zamani milango ilifunguliwa na mtu wa zamu kwa gurudumu la chuma. Gurudumu liling'olewa likapelekwa makumbusho, na mtu wa zamu akapelekwa kulilinda. Utaratibu mpya ukawa hivi: mlango mdogo unafunguliwa na fundi wa seva, milango mikubwa mitano haifunguliwi ila na Mtukufu mwenyewe, kwa jina lake zima, kutoka kwenye kiti chake.

Fundi wa seva aliitwa Mwantumu. Hakuwa na cheo chochote, ndiyo maana alikuwa akifanya kazi. Mama yake, Bi Kazija, alipika maandazi huko Bondeni, nyumba ya nne kutoka ukuta wa bwawa. Hilo nawaomba mlikumbuke, kwa sababu hakuna kamati hata moja iliyolikumbuka.

Siku ya uzinduzi Mtukufu aliketi mbele ya kompyuta, wasaidizi watatu wakamwandikia jina kwa kupokezana, naye akabonyeza. Seva ikaganda. Kipanya hakikwenda, kioo kikasimama tuli. Ndipo aliposimama Waziri wa Mawasiliano na Utiifu, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Luteni wa Akiba Shebe Kilongola, Mpenda Haki, Mtoto wa Mtulivu.

"Mtukufu," akasema (majina mengine yote aliyataja, mimi ndiye mvivu), "mashine imeduwaa! Tangu itengenezwe haijapata kupokea jina zito namna hii. Imesimama kwa heshima!"

Makofi yakapigwa mpaka viganja vikawasha. Kesho yake ikatoka kanuni: seva ikisimama, watumishi wote wasimame wima, mikono ubavuni, wala mtu asisogee hata hatua moja mpaka seva itakapojisikia kuendelea. Kwa kawaida ilijisikia baada ya saa nne. Siku za joto, sita.

*

Mwantumu hakuamini heshima ya mashine. Alikaa nayo siku tisa, akaipekua mpaka ndani, na siku ya kumi akaingia ofisini kwa Waziri na mfuko wa mchele, vibaba viwili, na maharage.

"Shikamoo Mheshimiwa Daktari wa Heshima Luteni wa Akiba Shebe Kilongola, Mtoto wa Mtulivu."

"Marahaba. Umeruka 'Mpenda Haki'."

"Mpenda Haki."

"Sasa endelea. Huo mchele ni wa kazi gani?"

Mwantumu akavipanga vibaba mezani, vimegusana. Kimoja kitupu, cha pili kina maharage.

"Mheshimiwa, hiki kitupu ndipo mahali seva inapoweka jina la anayeingia. Kinabeba herufi sitini na nne. Hiki cha jirani ndimo inamoweka cheo chake, yaani ana ruhusa ya kufungua nini. Walioitengeneza walisahau kuiambia ipime jina kabla ya kulimimina. Sasa tazama." Akamimina mchele. Kibaba kikajaa, naye akaendelea kumimina. Mchele ukapanda kilima, ukaporomoka, ukaingia kwenye maharage na mwingine ukaenda chini.

"Umemwaga mchele kwenye zulia la serikali," akasema Waziri.

"Jina la Mtukufu ndivyo linavyofanya. Linajaza mahali pake, linamwagikia mahali pa cheo. Seva ikienda kusoma cheo inakuta kipande cha 'Waliozaliwa na Watakaozaliwa'. Haijui hicho ni cheo gani, inaganda."

"Basi ifundishwe kusoma."

"Na kuganda ndiyo nafuu, Mheshimiwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kubuni jina refu, likajaza herufi sitini na nne, kisha mkiani akaweka herufi ambazo seva inazisoma kuwa cheo cha Mtukufu. Itamfungulia kila kitu. Hata neno la siri haitamuuliza."

"Haiwezekani."

Mwantumu akaivuta kompyuta ya Waziri. Akaandika jina la paka wa ofisi, mara nyingi mfululizo, akaongeza mkia mfupi, akabonyeza. Kioo kikaandika: KARIBU. CHEO: MTUKUFU.

Waziri akaruka kutoka kitini, akapiga visigino, akaipigia saluti kompyuta. Ilimchukua muda kidogo kukumbuka kwamba anamsalimu paka. Akaketi, akajifuta jasho.

"Nani mwingine anajua jambo hili?"

"Mimi na wewe tu, Mheshimiwa."

"Mimi sijui," akasema Waziri.

*

Wiki ile ile barua ikafika kutoka kwa watengenezaji wa Dirisha, ng'ambo. Nao walikuwa wameliona tundu hilo linalopitisha majina marefu, na wakaona haya, jambo ambalo kule kwao bado linatokea. Waliomba radhi, wakatuma kiraka cha mistari minne. Kiini chake kilikuwa hiki: pima jina kwanza, likizidi herufi sitini na nne, likatae. Kukiweka kulihitaji dakika nne na mtu mmoja aliye macho.

Serikali ikaunda kamati ya watu ishirini na saba. Asubuhi nzima ilikwenda kwa kujitambulisha. Baada ya chakula Mwantumu akaitwa aeleze kiraka, akaeleza.

"Ngoja kwanza," akasema Mwanasheria Mkuu. "Likatae jina la nani?"

"Lolote lililozidi, Mheshimiwa."

"Lipo jina la Mtukufu. Nalo limezidi?"

"Kwa seva, ndiyo."

Ukumbi ukaguna. Mwanasheria Mkuu akavua miwani. "Kwa hiyo unaiomba kamati hii iandike kwa wino kwamba Mtukufu amegonga hodi nchini mwake akakataliwa na bawabu."

"Basi tuwaombe watengenezaji waongeze mahali. Kibaba kiwe pishi. Herufi elfu moja."

"Elfu moja!" Waziri Kilongola akacheka kwa huruma. "Binti, unamaanisha sifa za Mtukufu zina mwisho?"

"Kila chombo kina mwisho, Mheshimiwa."

"Hayo kaviambie vyungu vyako nyumbani."

"Basi njia ya tatu, na hii haina gharama yoyote. Mtukufu akiingia kwenye Dirisha aandike jina fupi. Mavumba. Inatosha."

Karani aliangusha kalamu. Kumbukumbu za kikao zinasema kwamba mahali hapo feni ilipiga kelele, maneno hayakusikika.

Mwantumu alikuwa bado amesimama. "Waheshimiwa, masika yanaingia wiki tatu zijazo. Seva ikiganda siku ya mvua kubwa, hakuna wa kufungua milango ya bwawa. Bondeni kuna watu elfu nane. Mama yangu ni mmoja wao."

"Maslahi binafsi," akasema Mwanasheria Mkuu, na karani, aliyekuwa ameiokota kalamu, akaandika.

Kamati ikakaa siku tano, ikatoka na maazimio, na kwa kweli ni maazimio ya kupigiwa mfano. Iliamua kwamba tundu halipo. Tundu hilo lisilokuwapo likawekewa askari mwenye bunduki, alinde usiku na mchana asiruhusu kitu kupita. Kioo cha seva kikaondolewa, kikawekwa kingine cha futi tisa, ili jina lipate pa kuenea. Kiraka kikafungiwa kwenye sefu pamoja na siri za nchi, nazo zilikuwa chache, kwa hiyo hakikubanwa. Tena neno "kufurika" likapigwa marufuku katika ofisi zote za umma, zikiwamo za maji. Mahali pake waandike "kujaa kwa moyo mmoja".

Na kwa kuwa tundu halipo, ikaonekana kwamba anayelishughulikia hana kazi. Jina la Mwantumu likafutwa kwenye seva. Alihamishiwa Kitengo cha Vibandiko, kuandika kadi za majina ya wageni wa sherehe. Kadi ya Waziri Kilongola ilifunika viti vitatu, na wageni wawili wasio na vyeo wakakaa chini ya jina lake kama waliojificha jua.

*

Siku ya Jina ya mwaka ule iliangukia siku ya kumi na moja ya mvua. Bunge lilikuwa limemwongezea Mtukufu sifa ya "Mtuliza Mawingu", nayo mawingu hayakuarifiwa. Uwanja ulitandikwa maturubai. Malenga wa serikali alisoma shairi la beti arobaini ambalo vipande vyake vingine vilikuwa na mizani saba na vingine kumi, lakini kule mizani huhesabiwa kwa cheo cha mtunzi.

Kilele cha sherehe kilikuwa ni Mtukufu kufungua milango mikubwa ya bwawa mbele ya taifa zima. Na ili zawadi ionekane zawadi, Waziri Kilongola aliamuru milango yote, hata ule mdogo, ifungwe siku nne kabla. Maji yakingoja, alisema, yatatoka kwa furaha.

Saa nane unusu mchana Mtukufu akabonyeza. Kwenye kioo cha futi tisa jina likajitandaza, likatambaa, likafika mwisho, likasimama. Seva ikaganda.

"Si-ma-ma!" akanguruma mwongoza sherehe, na uwanja mzima ukasimama wima mvuani, mikono ubavuni. Bendi ikasimama na matarumbeta midomoni. Mpishi akasimama na mwiko juu ya sufuria, pilau ikaanza kuungua kwa heshima.

Kwenye viti vya wageni, simu ya Mwantumu, aliyesimama na kadi zake, ikatetemeka mfukoni. Akaipokea bila kuinua kichwa.

"Mwantumu," akasema Bi Kazija, na nyuma yake kulikuwa na vilio vya mbuzi na watu, "huu ukuta wenu unatoka jasho."

"Jasho gani, mama?"

"Jasho la ukuta, huko kwenu sijui mnaliitaje. Maji yanapenya kwenye mawe, na kule juu yameshaanza kuruka. Meza yangu ya maandazi inaelea. Mkuu wa wilaya ametuletea barua kwamba bwawa limejaa kwa moyo mmoja, tusihamaki."

"Pandeni kilimani!"

"Tunapanda. Watu elfu nane, njia moja, na vikongwe wamebebwa kwenye milango. Hatutawahi, mwanangu. Hiyo milango ya maji inafunguliwa na nani?"

"Na Mtukufu."

"Yuko wapi?"

Mwantumu akatazama jukwaani. "Amesimama."

"Haya," akasema Bi Kazija. "Basi na mimi nabeba godoro."

Mwantumu akaweka kadi zake chini, akaanza kutembea. Katika uwanja ule wa watu elfu ishirini yeye ndiye kitu pekee kilichokuwa kinakwenda, yeye na mvua. Waziri Kilongola alimwona akipita mbele ya jukwaa, akasema bila kuachanisha meno:

"We binti! Rudi mahali pako!"

"Njoo unirudishe, Mheshimiwa."

Waziri hakuja. Jicho la Mtukufu lilikuwa juu yake.

Seva ilikaa kwenye jengo la pembeni ya uwanja. Mlangoni alisimama yule askari wa kulinda tundu, bunduki begani, kamasi za mafua zikimtiririka na hathubutu kuzifuta.

"Dada, hapa hapapiti mtu."

"Utanizuia?"

Askari akafikiri. "Siruhusiwi kusogea."

"Basi endelea na heshima yako, kaka. Mimi naingia."

"Nitatoa taarifa lakini!"

"Ukishapewa ruhusa ya kusogea, toa."

Akaingia, akang'oa waya wa umeme ukutani. Kule uwanjani kioo kikazima, nao watu elfu ishirini wakashusha pumzi kwa pamoja. Akarudisha waya. Seva ikaamka, ikauliza jina.

Vidole vyake vilitaka kuandika paka. Akavizuia. Akaandika: *Bi Kazija binti Shomvi, Mpika Maandazi wa Bondeni, Mama wa Wanne*. Hesabu mwenyewe ukitaka, pamoja na mikato na nafasi: herufi sitini na nne. Maisha mazima ya mtu yaliingia mle bila kupungua wala kumwagika. Kisha Mwantumu akaongeza mkia.

KARIBU. CHEO: MTUKUFU.

Milango mitano ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Maji yakatoka kwa kishindo kilichosikika mji wa tatu, yakashika mkondo wa pembeni, yakaenda kinamasini yakibeba miti. Milango ilikaa wazi kuanzia saa tisa na dakika kumi mpaka saa tisa na dakika ishirini na tisa. Nyumba tatu za kwanza za Bondeni zilikwenda. Ya nne ilibaki, maji kiunoni. Ukuta ulisimama. Hakufa mtu.

*

Siku iliyofuata uchunguzi ukaanza, si wa bwawa, wa seva. Seva huweka daftari la kila aliyeingia, na daftari lilisema waziwazi kwamba kwa dakika kumi na tisa nchi ilitawaliwa na mpika maandazi. Wakamleta kamatini, kanga zake zikiwa bado mbichi, na binti yake wakamweka pembeni.

"Wewe ndiye uliyekuwa Mtukufu?" akauliza Mwanasheria Mkuu.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi hadi saa tisa na dakika ishirini na tisa."

"Wakati huo nilikuwa nimebeba godoro, baba."

"Una shahidi?"

"Godoro lenyewe. Limelowa mpaka leo."

"Ulipokuwa Mtukufu ulitoa amri gani nyingine? Ulimteua mtu? Ulimfukuza mtu?"

"Nilimfukuza kuku wa jirani, alipanda kichwani mwa mtoto."

"Ni mimi niliyeandika jina hilo," akasema Mwantumu. "Nilipita kwenye tundu nililowaonyesha."

"Nyamaza!" Waziri Kilongola akaruka. "Hujafanya kitu! Tundu halipo, kamati hii ilishaamua, basi utapitaje?"

Hapo Mwanasheria Mkuu akaona shimo likifunguka mbele ya miguu yake mwenyewe. Kama tundu lipo, wajumbe ishirini na saba ni waongo, na saini zao ziko chini ya uongo huo. Kama tundu halipo, daftari ni la kweli, na yule mwanamke mwenye kanga mbichi alikuwa mkuu wa nchi kihalali, na walikuwa wamemuuliza maswali bila kusimama. Wajumbe wawili wa safu ya nyuma walisimama kidogo, kwa tahadhari, wakaketi tena.

Walijifungia mpaka saa kumi. Walipotoka nyuso zilikuwa zinang'aa. Imebainika, walisema, kwamba Mtukufu mwenyewe, kwa unyenyekevu wake usio na mfano, alijiita kwa muda jina la raia wa chini kabisa ili awaokoe watu wake pasipo kujionyesha. Daftari linathibitisha cheo chake. Taifa limshukuru.

Bi Kazija akarudishwa Bondeni kwa lori la mchanga. Mwantumu aliachiliwa huru kwa sababu hakuwa amefanya lolote, akafukuzwa kazi kwa kosa la kusogea.

*

Masika yalikuwa hayajaisha. Wiki mbili baadaye Waziri Kilongola akaenda Bondeni mwenyewe, kwa helikopta, na vipaza sauti na kioo cha futi tisa. Watu walikusanyika mbele ya tope ambalo zamani lilikuwa nyumba tatu. Mwantumu alikuwapo, amesimama na mama yake. Angani mawingu yalikuwa yameinama kama ng'ombe wanaokunywa.

"Ndugu wananchi!" akasema Waziri. "Nimewaletea habari njema! Kwa tendo lake la wokovu, Bunge limemwongezea Mtukufu sifa mpya: Mfungua Milango, Mwokozi wa Bondeni! Na leo hii, nikimaliza kulisoma jina lake zima, atawasalimu mubashara kwa Dirisha la Mbali, na kuwafungulia maji kwa mkono wake mwenyewe!"

"Ni herufi ngapi hizo?" Bi Kazija akamuuliza binti yake.

"Thelathini na tano, mama. Ukihesabu na mkato."

Bi Kazija akatazama mawingu, akatazama ukuta. Kisha akageuka, akaingia nyumbani kwake bila haraka.

Waziri akafungua karatasi, akaanza. "Mtukufu Jenerali Profesa Daktari Mhandisi Ngwali Mavumba, Baba wa Waliozaliwa..." Alisoma vizuri, sauti nzito, macho nusu yamefumbwa kwa utamu. Ndiyo maana hakuona. Alipofika "Mlezi wa Mito" safu ya mbele ilikuwa imeshaondoka. Alipofika "Mshindi wa Vita" watu walikuwa wanatoka majumbani na magodoro vichwani, mbuzi kwa kamba, sufuria ndani ya sufuria, wakishika njia ya kilimani kwa utaratibu ambao serikali ile haijapata kuutengeneza. Wanawake waliokuwa mbele walianzisha wimbo, na waliokuwa nyuma wakaupokea:

*Jina lako na mkia, laburuzwa barazani,*
*Mwaka huu latimia, kufika mwetu nyumbani,*
*Maji yakitufikia, sisi tupo kilimani,*
*Nawe utajibakia, na majina mdomoni.*

Waziri akafumbua macho. Mbele yake hapakuwa na mtu ila Mwantumu na Bi Kazija, kila mmoja ameshika ncha ya godoro moja.

"Nyie! Mnakwenda wapi?" akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Sijamaliza!"

Bi Kazija akalipandisha godoro begani vizuri, akamtazama.

"Ndiyo maana tunakwenda, baba," akasema. "Hujamaliza."